Fedha za Mchezo Zilivyonunua Kioo cha Baba

Akina mama wenzetu, ziko shughuli za nyumbani ambazo wengi wetu huwaachia vijana kwa kudhani hazituhusu. Kompyuta ni mojawapo. Kijana akisema kioo fulani ni kizuri, twatoa fedha. Akisema hakifai, twatoa nyingine. Lakini mkoba wa nyumba mara nyingi u mikononi mwetu, na macho ya watu wa nyumba hiyo ni sisi tunaoyatunza. Basi leo twaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda halijapata kuandikwa katika kurasa za akina mama: namna ya kuchagua kioo cha kompyuta kwa ajili ya michezo ya kuiga uendeshaji, ile iitwayo simuleta, ili picha ipite kwa ulaini bila kukwama na bila kumtia mtu kizunguzungu.

Msomaji usicheke kwanza. Nyumbani kwetu jambo hili halikuwa la watoto.

Baba watoto wetu alikuwa dereva wa lori kwa miaka 22. Njia yake ilikuwa Dar es Salaam hadi Tunduma, na mara nyingi alivuka mpaka kuingia Zambia. Mwaka 2023 alipatwa na kiharusi. Mungu alimwacha hai, akili yake ikabaki timamu na usemi ukarudi, lakini mkono na mguu wa kushoto vilibaki dhaifu. Daktari akamwambia wazi kwamba kazi ya kuendesha lori imekwisha. Sisi ambao tumewauguza wengi wa namna hiyo tulijua kwamba ugonjwa wa pili huja nyuma ya ule wa kwanza, nao ni ukimya. Alikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi hadi jioni. Akiulizwa, hujibu kwa neno moja. Lori likipita barabarani, hugeuza uso.

Kijana wetu wa kwanza ndiye aliyeleta mchezo uitwao Euro Truck Simulator 2, uliotengenezwa na kampuni ya SCS Software ya Prague, huko Jamhuri ya Cheki, ukatolewa mwaka 2012. Ndani yake mtu huchukua mzigo, hufunga trela na kuupeleka mji mwingine kwa kufuata taa, mizani ya mwendo na sheria za barabara. Barabara zake ni za Ulaya. Tulimwuliza kwanza daktari wa mazoezi ya viungo, naye akasema hakuna ubaya, maadamu asichoke na mkono ule dhaifu nao ushikishwe usukani pole pole. Ukatafutwa usukani mdogo wa mtumba wenye pedali zake. Baba akachagua kuanzia Uingereza, kwa kuwa kule huendesha upande wa kushoto kama kwetu Tanzania.

Si jambo la kipuuzi kuiga chombo

Wako watakaosema kwamba kuiga gari ni kupoteza wakati. Lakini mashine za kuiga zina historia ya heshima. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza chombo cha kufundishia marubani bila kuruka angani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza piano na ogani mjini Binghamton katika jimbo la New York. Link alichukua mifuko ya upepo, ile ile inayofanya ogani itoe sauti, akaitumia kukiinamisha na kukiinua kile kichumba cha rubani. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi la Marekani kadhaa kufa walipokuwa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi lilinunua vyombo sita vya Link. Tangu hapo hadi leo rubani hujifunza hatari akiwa chini, mahali ambapo kosa haliui.

Hata hivyo tuseme ukweli: mchezo wa nyumbani si leseni, wala si dawa ya kiharusi. Hauwezi kumwambia mtu kwamba sasa amepona vya kutosha kurudi barabarani. Hilo ni la daktari. Sisi tulitaka tu mtu wetu apate kitu cha kumfanya aulize kesho itakuwaje.

Televisheni ilipomkataa

Tulianza na televisheni ya sebuleni, kwa kuwa ilikuwapo. Siku ile ya kwanza baba alikaa, akashika usukani, akatoka bandarini Dover. Lori likayumba kama la mlevi. Akikata kushoto, picha huchelewa. Akirudisha, tayari amepita. Na alipofika mjini, kwenye magari mengi na mvua, picha ilianza kukwama-kwama. Baada ya dakika 10 akashika kichwa, akasema kina kizunguzungu. Kisha akasema maneno ambayo yalituchoma: “Hata lori la kuigiza limenikataa.”

Wiki nzima hakuugusa tena. Hapo ndipo tulipoamua kulielewa jambo hili, maana kuuliza si ujinga. Tukaketi na kijana wetu na fundi mmoja wa kompyuta hapa Morogoro, tukauliza kama tunavyomwuliza mgonjwa: inauma wapi, inaanza lini, inazidi wakati gani?

Tulikuta kwamba maradhi yalikuwa mawili, si moja. La kwanza ni kuchelewa. Televisheni nyingi huipokea picha, huipamba kwanza kwa kuiongezea rangi na ulaini, ndipo huionyesha. Kwa taarifa ya habari hakuna neno. Kwa dereva ni hatari. Piga hesabu: lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Picha ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, lori limekwisha kwenda mita mbili na zaidi kabla dereva hajaona alichokifanya. Dawa yake ilikuwa bure. Televisheni nyingi za siku hizi zina mpangilio wa mchezo katika orodha yake ya picha. Ukiuchagua, mapambo hupunguzwa na picha huja mapema. Tukafanya hivyo, lori likaacha kuyumba.

La pili lilikuwa kukwama-kwama, na hilo ndilo lililotufikisha dukani.

Somo la dripu

Picha inayotembea si picha moja. Ni picha nyingi zilizosimama, ziitwazo fremu, zinazofuatana upesi hata jicho likadanganyika. Filamu za sinema tangu zamani huenda fremu 24 kwa sekunde. Katika mchezo wa kompyuta wako wafanyakazi wawili. Kompyuta ndiye mpishi: yeye hupika fremu. Kioo ndiye mwandaaji: yeye hupeleka sahani mezani. Idadi ya safari za mwandaaji kwa sekunde hupimwa kwa hezi, neno lililotokana na jina la mwanasayansi Mjerumani Heinrich Hertz. Kioo cha hezi 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Cha hezi 144 hubadilisha kila baada ya milisekunde 6.9.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo wauzaji hutupoteza. Mwandaaji akienda mezani mara 144 na mpishi amepika sahani 40 tu, wageni hawatakula 144. Kioo hakipiki. Kioo chenye hezi nyingi hakiwezi kuifanya kompyuta dhaifu iwe na nguvu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko wingi, nalo ni mpangilio. Sisi wauguzi tunalijua kwa njia ya dripu. Lita moja ya maji kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika. Muuguzi anaweza kukuta dakika imetimiza matone 42, kumbe 30 yameshuka kwa mkupuo na mengine yakajivuta. Hesabu ni sawa. Dripu si sawa. Ndivyo zilivyo fremu. Kompyuta inaweza kuandika pembeni kwamba inatoa fremu 50 kwa wastani, lakini zikija kwa mafungu, jicho huona kukwama. Jicho hupenda utaratibu kuliko wingi.

Tazameni hesabu ya televisheni yetu. Ilikuwa ya hezi 60. Kompyuta yetu, iliyokuwa ya ofisi kisha ikafungwa kadi ya picha ya wastani, ilitoa fremu 60 barabara kuu. Ikifika mjini hushuka hadi 40. Fremu 40 haziwezi kugawanyika sawasawa katika nafasi 60. Basi fremu moja hukaa nafasi moja, inayofuata hukaa nafasi mbili, tena moja, tena mbili. Milisekunde 16.7, kisha 33.3, kisha 16.7. Gari huchechemea. Kichwa cha mtu aliyeugua hakivumilii hayo, maana macho yanaambiwa mwili unakwenda kwa mishtuko, na sikio la ndani, ambalo ndilo hutunza mizani yetu, linasema mwili umetulia. Ubishi huo ndio uletao kichefuchefu.

Tulijaribu kwanza dawa isiyo na gharama. Kijana akaweka kikomo cha fremu 30. Hizo hugawanyika vizuri ndani ya 60: kila fremu nafasi mbili. Kuchechemea kukaisha. Pia akapunguza ubora wa vioo vya pembeni vya lori, kwa kuwa kila kioo cha pembeni ni picha nyingine ambayo kompyuta lazima ipike. Baba akarudi kitini. Mama ambaye hana fedha ya ziada anaweza kuishia hapa, na nyumba yake ikawa na amani.

Kwetu yalibaki mambo mawili. Fremu 30 ni chache. Lori likipinda kwenye mzunguko wa barabara, nyumba za pembeni huruka badala ya kupita. Na televisheni ile, kwa kuwa ni kubwa na meza ya usukani ilikuwa mita moja tu mbele yake, ilijaza macho yote, kizunguzungu kikarudi akikaa zaidi ya nusu saa. Tusisahau pia kwamba saa mbili usiku kila mtu alitaka taarifa ya habari.

Fedha ya mchezo

Mwezi ule ilikuwa zamu yetu kupokea upatu, ambao hapa kwetu akina mama huuita mchezo. Tulikuwa tumepanga kusakafia jikoni. Tuliposema kwamba sehemu ya fedha itanunua kioo cha kompyuta, dada mmoja wa kikundi akatuuliza, “Yaani fedha za mchezo zinunue mchezo?” Wote wakacheka, nasi tukacheka. Kisha mama mmoja mtu mzima, ambaye mumewe alikaa kitini miaka mitano mpaka akafa, akasema kwa sauti ya chini, “Jikoni kutangoja. Mtu hangoji.” Hakuna aliyecheka tena. Sakafu ikaahirishwa.

Tukaenda Kariakoo, kijana na sisi. Muuzaji alitupokea kwa adabu, “Shikamoo mama, karibu,” akatutolea vioo vitatu. Tumeona tuwaeleze maswali tuliyomwuliza, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la kwanza: kina pikseli ngapi? Kioo cha kwanza kilikuwa kikubwa, kile kiitwacho 4K, chenye pikseli 3840 kwa 2160. Kilipendeza sana. Lakini hizo ni zaidi ya pikseli milioni 8, na kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina milioni 2 tu na kidogo. Maana yake mpishi wetu angepika chakula mara nne kwa kila sahani. Kompyuta iliyokwama kwenye milioni 2 ingelala kabisa kwenye milioni 8. Mwenye kompyuta ya wastani asikimbilie ukubwa. Kati ya hivyo viwili kuna kile cha 2560 kwa 1440, chenye pikseli milioni 3.7, kinachowafaa wenye kadi ya picha yenye nguvu zaidi.

Swali la pili: kina hezi ngapi, na je, kinaweza kumngoja mpishi? Hili la pili ndilo muhimu. Vipo vioo ambavyo havibadilishi picha kwa saa iliyopangwa, bali hungoja fremu iwe tayari ndipo viionyeshe. Kampuni ya NVIDIA ilitangaza ufundi wake uitwao G-Sync mwaka 2013. AMD ikaja na FreeSync, na mwaka 2014 ukawekwa utaratibu wa wote uitwao Adaptive-Sync. Tangu Januari 2019 kadi za NVIDIA za kuanzia mfululizo wa GTX 10 nazo hukubali vioo vingi vya Adaptive-Sync kwa waya wa DisplayPort, hivyo mtu halazimiki kununua kile cha bei kali. Kwa kioo cha namna hiyo, fremu 52 huonyeshwa 52, na 47 huonyeshwa 47, bila kuchechemea na bila picha kuchanika katikati.

Lakini someni mipaka yake. Kioo cha pili kilikuwa cha bei nafuu, cha hezi 75, na mipaka yake ya kungoja ilikuwa 48 hadi 75. Kompyuta ikishuka chini ya 48, kama yetu ishukavyo mjini, msaada huo hukoma pale pale unapohitajika. Kioo cha tatu kilikuwa cha hezi 144, mipaka yake 48 hadi 144. Hapo, kwa kuwa mpaka wa juu unazidi mara mbili ya ule wa chini, fremu zikiwa 40 kioo huweza kuonyesha kila moja mara mbili, kama 80, na mwendo ukabaki sawa. Hii ndiyo sababu tulichagua hezi 144. Hatukutafuta fremu 144. Kompyuta yetu haizijui. Tulitafuta nafasi ya kupumulia.

Na kama kioo hakina uwezo wa kungoja, hezi nyingi bado zina faida moja. Kipange kwenye hezi 120, weka kikomo cha fremu 40, kila fremu itakaa nafasi tatu kamili, yaani milisekunde 25 bila kuchechemea. Jambo hilo haliwezekani kwenye hezi 60.

Swali la tatu: ni kioo cha aina gani? Zipo aina tatu zitajwazo sana. TN huwa na upesi na bei ndogo, lakini ukikitazama kwa pembeni rangi hugeuka. VA huwa na weusi mzuri wa usiku, lakini katika vingi vya bei ndogo vitu vyeusi vikipita huacha kivuli nyuma yake. IPS huwa na rangi imara hata kwa anayekaa pembeni. Kwa kuwa baba hakai wima kila siku, na watoto hukaa ubavuni mwake, tulichukua IPS ya inchi 24. Muuzaji alituonyesha maandishi makubwa ya milisekunde 1 kwenye boksi. Namba hiyo mara nyingi hupimwa katika mpangilio wa pekee ambao mtu hatautumia kila siku, basi isiwe ndiyo sababu ya kununua.

Swali la nne: kitungwe mbele yetu. Tuliomba kiwashwe. Tukatazama kama kuna madoa meupe au nukta zilizokufa, tukauliza mlango wa waya ni upi, na tukaandikiwa risiti yenye muda wa dhamana.

Kumbe kilikuwa kinatembea nusu

Tulipokifunga nyumbani, baba akaendesha, akasema ni kizuri kidogo tu. Fundi akafungua mpangilio wa kioo katika Windows, akatuonyesha: kompyuta ilikuwa bado inakiendesha kwa hezi 60! Jambo hili hutokea mara nyingi, na wako watu wanaokaa na kioo cha hezi 144 miaka bila kukipata. Ni lazima mtu aingie mwenyewe na kuchagua namba, kisha awashe ule uwezo wa kungoja, kwenye kioo na kwenye kadi pia. Na waya uwe wa kutosha. HDMI ya zamani, ile ya 1.4, hufikisha 1920 kwa 1080 kwenye hezi 120. Waya wa DisplayPort wa 1.2 hupita hapo bila shida. Fundi akabadilisha waya, akachagua 144.

Baba akatoka tena Dover. Akapanda kilima, akashuka, akapita mzunguko wa barabara, nyumba zikapita pembeni kama maji. Hakusema kitu kwa dakika 20. Kisha akamwambia kijana bila kugeuka, “Wewe utingo, mbona umekaa kimya? Tazama kioo cha kushoto.”

Tulitoka tukaenda jikoni, kwenye sakafu ile ya udongo, tukasimama kidogo.

Macho, kichwa na muda

Kwa kuwa sisi ni wauguzi, hatuwezi kumaliza bila kusema juu ya afya.

Vioo vizito vya zamani, vile vya miaka ya 1990, vilimulika kwa kila hezi, ndiyo maana watu walishauriwa kutumia hezi 75 au 85 ili macho yasiume. Vioo vyembamba vya leo huishikilia picha, havimuliki hivyo, ingawa baadhi hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha taa yake ya nyuma upesi sana. Mwenye kuumwa kichwa atafute kilichoandikwa kwamba taa yake haimuliki.

Kioo kikae umbali wa mkono ulionyoshwa, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Mtu atazamaye kioo hupepesa macho mara chache, macho hukauka. Basi kila dakika 20 atazame kitu cha mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Chumba kisiwe giza. Kichefuchefu kikianza, aache siku ile, asikishindane nacho.

Liko pia jambo la kifafa. Kwa watu wachache, hasa watoto na vijana, picha zinazomweka-mweka kwa nguvu huweza kuleta degedege. Mnamo 16 Desemba 1997, huko Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini baada ya katuni ya televisheni kuonyesha miale ya nyekundu na buluu iliyobadilishana upesi. Kosa halikuwa la hezi za kioo bali la picha yenyewe. Hata hivyo mwenye kifafa nyumbani, au aliyepatwa na degedege baada ya kiharusi, amwulize daktari kabla ya kuanza michezo ya namna hii.

Na watoto wadogo? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mdogo wetu ana miaka saba, naye hupata zamu yake Jumamosi tu, baada ya kuosha vyombo.

Baba ana saa moja jioni, baada ya mazoezi yake ya mkono. Hakuna mazoezi, hakuna lori. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe. Mkono wa kushoto hushika usukani kwa dakika kadhaa, kisha huchoka. Haujarudi, wala hatuwadanganyi kwamba kioo kimeurudisha. Lakini jioni moja tulimsikia akimfundisha kijana jinsi ya kushuka mlima Kitonga: kwamba gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, na kwamba breki za magurudumu zisitegemewe peke yake, zitapata moto. Miaka 22 alikuwa safarini, na kijana huyu alikuwa akimwona siku mbili kwa mwezi. Habari za Kitonga hakupata kuzisikia kinywani mwa baba yake.

Akina mama wenzetu, mkifikiwa na ombi la kioo cha kompyuta, msilikatae kwa kuwa linaitwa mchezo, wala msilikubali kwa kuwa kijana amelia. Ulizeni kwanza kompyuta inapika fremu ngapi. Jaribuni dawa za bure. Kisha, ikibidi kununua, nunueni kioo kinachomngoja mpishi wenu, si kile kinachomshinda.

Nasi sasa tunachanga tena upatu. Zamu yetu ni mwezi wa nane, na saruji imekwisha kuandikwa kwenye daftari.